Mashine Iliyoitwa Maria

Nina hasira za karibu, na hakuna wanaoziwasha upesi kama watu wa kompyuta. Mimi ni Taisto, fundi wa mabomba katika kampuni ya joto ya mji wetu wa Ristiluoto, na huu ni mwaka wangu wa thelathini na moja hapa. Maji tunayachemsha kwetu, yanapita chini ya ardhi mpaka majumbani, yanapasha nyumba za watu joto, kisha yanarudi yamepoa tuyachemshe tena. Hiyo ni kazi unayoweza kuigusa, na ukiigusa vibaya inakubabua. Basi siku Hilkka, mwanamke wetu wa kompyuta, aliponiambia kwamba ana kompyuta arobaini na tatu ndani ya sanduku moja la chuma, nilimwuliza kama amekula.

"Nimekula," akasema. "Maliza kahawa yako uje uone."

Sanduku lenyewe halikuzidi oveni ya jikoni. Lilikuwa linavuma peke yake kwenye chumba kidogo nyuma ya karakana. Hilkka akawasha skrini, akanivuta karibu, akanionyesha moja baada ya moja. Alisema hizo zinaitwa mashine pepe: kila moja inajiona ina mwili wake, diski yake na kadi zake za mtandao, kumbe haina hata msumari. Moja ikizimika, ya jirani haina habari. Mimi nilikwenda pale kucheka, nikabaki mdomo wazi, na kahawa niliyokwenda nayo ikapoa mkononi.

Nikamwuliza pampu iliyo kilomita kumi inaijuaje mashine isiyo na mwili. Akasema kwa anwani. Kila kadi ya mtandao, hata kama ni ya kuwaziwa tu, lazima ipewe anwani yake ya namba, na mashine lazima ionyeshwe njia: ukitaka kwenda huku pitia lango hili, ukitaka kwenda kule pitia lile. Aliyekuwa akizipa anwani na njia ni yeye, peke yake, na alilisema hilo bila majivuno yoyote, kama mtu anayekwambia ndiye anayefagia ngazi.

Hilkka alizaliwa Kuuttiniemi, rasi iliyo ng'ambo ya ghuba yetu, na baba yake ndiye aliyekuwa mtu wa posta huko. Majira ya baridi alipeleka barua kwa skii, zile mbao za kutelezea juu ya theluji, kiangazi kwa baiskeli. Nyumba za rasi hazikuwa na namba. Mzee alizijua zote kwa kichwa. Alijua pia siku ya jina ya kila mtu. Kwetu kila siku ya kalenda ina jina lake, na siku ya jina lako ikifika unachemsha kahawa na watu wanakuja kukupongeza. Mzee alikuwa anagonga, anatoa barua, anatoa na pongezi, na watu wa rasi wanaapa hakukosea mlango wala jina hata mara moja.

Binti yake aliingia kwetu akiwa na miaka kumi na tisa, mpiga chapa. Kompyuta zilipoletwa hakuna aliyezitaka. Yeye akabeba vile vitabu vya Kiingereza nyumbani, akavisoma kwa kamusi, wanasema hata kwenye chumba cha mvuke alikuwa navyo, na mimi naamini kwa sababu nimeviona: kurasa zimevimba zote. Hakuna shule iliyomfundisha. Ndani ya miaka kumi hakukuwa na mtu mjini aliyeweza kumfundisha chochote.

Na alikuwa na utaratibu wake. Mashine ikizaliwa leo, anaipa jina la leo kwenye kalenda, na anwani yake inaishia na namba ya mwezi na ya tarehe. Maria ilizaliwa Julai mbili, siku ya Maria, basi anwani yake ilikuwa kumi, arobaini, saba, mbili. Onni ilizaliwa Februari ishirini na nane, basi yake iliishia mbili, ishirini na nane. Hakuhitaji orodha. Ukimtajia jina akiwa usingizini angekupa anwani na njia zake zote. Na siku ya jina la mashine ikifika, alikuja na sinia la mikate mitamu ya iliki, na sisi tukanywa kahawa kwa heshima ya kitu kisichokunywa. Nilimcheka sana kwa hilo. Lakini sikuwahi kuacha mkate.

Sasa lile sanduku likachakaa, na ofisi ikamwajiri Stellan kutoka Sweden, ng'ambo ya bahari, asimamie kuhamishia mashine zote kwenye sanduku jipya. Mtu mwema, tatizo alijua sana. Wiki ya kwanza alimcheka Hilkka mbele ya watu: kalenda ya majina kwa kazi ya uhandisi? Mimi nikamwambia, "Jirani, kula mkate wako unyamaze." Baadaye alikaa naye siku tatu mbele ya skrini, akamwona anavyotembea katika zile njia bila karatasi, na akatoka pale amenywea kabisa. Alimwomba radhi. Tangu siku hiyo utaratibu wa Hilkka kwake ukawa amri, na mtu aliyetubu hushika sheria kuliko mwenye sheria.

Januari Hilkka akapasuliwa goti. Akaenda kupumzika nyumbani kwake Kuuttiniemi, akamwachia Stellan ukurasa mmoja wa maelezo, nao ulikuwa na mstari huu: *Anwani: tazama kalenda.*

Siku ninayoisimulia kipimajoto kilikuwa kwenye thelathini na nne chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo ukivuta pumzi pua inashikana. Asubuhi saa nne Stellan aliizima Maria ya zamani na kuiwasha Maria mpya aliyoijenga kwenye sanduku jipya. Maria ndiyo inayoziamuru pampu za Kuuttiniemi. Kwenye skrini ilikuwa ya kijani, nzima kabisa. Iliyoanza kuumwa ilikuwa Onni, ile inayosoma mgandamizo wa maji: mara inajibu, mara imepotea, mara inajibu tena. Na pampu za rasi, zote tatu, zikapunguza mwendo, maana zimetengenezwa hivyo: zisiposikia amri zinajituliza zisije zikapasua kitu.

Kuuttiniemi kuna nyumba mia nne na makao ya wazee thelathini na mmoja. Mmoja wa hao wazee ni mama yangu, Lempi, ana miaka tisini na moja. Nilipiga hesabu ambayo fundi yeyote wa mabomba angeipiga: kwa baridi ile, maji yakitambaa hivyo, saa tisa alasiri mabomba ya nyumba za mwisho yangeanza kuganda, na bomba lililoganda hupasuka. Wazee huwezi kuwatoa nje kwenye thelathini na nne. Ungewapeleka wapi, na kwa usafiri gani?

Nikaendesha gari mpaka kituo cha pampu, huko huko Kuuttiniemi, si mbali na kwa Hilkka. Kati ya zile tatu, moja tu ina mkono wa kuiendesha bila kompyuta. Nikaufungua kwa nyundo na matusi. Ikaongeza mwendo, lakini pampu moja kwa baridi ile ni tone la maji baharini. Nilipotoka, gari nalo lilikuwa limegoma, dizeli imeshakuwa uji. Nilikuwa nalipiga teke pale simu ilipolia.

"Taisto," akasema Hilkka, "ukuta wangu umenyamaza."

Alikuwa amekaa na goti lake kwenye kiti, akasikia vipasha joto vya nyumba yake vinaacha kugugumia. Akauliza nani kahamishwa leo. Nikasema mimi sijui majina ya watu wasiokuwepo. Akasema Stellan hapokei simu, basi nimfuate. Nikamwambia gari limekufa, na teksi wanasema dakika hamsini. Akafikiri kidogo. "Kwenye baraza kuna kigari changu cha theluji," akasema. "Ghuba imeganda. Utanisukuma."

Kigari hicho ni kiti cha mbao juu ya vyuma viwili virefu. Mmoja anakaa mbele, mwingine anasimama nyuma na kupiga mguu. Bibi zetu huendea dukani. Basi nikamkalisha, nikamfunga blanketi mbili na ngozi ya kondoo, mguu wenye bandeji umenyooka mbele kama mlingoti, na tukashuka kwenye barafu. Kilomita mbili na nusu. Jua la saa saba lilikuwa limelala juu ya barafu, halina joto lolote. Mimi nina miaka hamsini na nane na nilikuwa nasukuma mwanamke mzima kwenye upepo, nikamwambia kwa sauti kwamba kama angekuwa ameandika mambo yake kwenye karatasi kama wenzake, mimi muda huu ningekuwa nakula. Hakujibu. Nilifikiri amekasirika. Nilipoinama nikaona midomo yake inacheza: alikuwa anazipitia njia zake, moja moja, kutoka lango hadi lango, macho yamefumba. Nikanyamaza, nikapiga mguu.

Tulifika saa saba na nusu. Stellan alikuwa mweupe kama karatasi. Alieleza yote aliyoyafanya kwa Onni: kuiwasha upya mara tatu, kubadili kadi yake, kukagua nyaya. Hilkka alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakumkatiza. Kisha akauliza ni nani mwingine aliyewashwa leo.

"Maria," akasema Stellan. "Lakini Maria haina shida yoyote."

"Umeipa anwani gani?"

"Kama ulivyoandika. Siku ya Maria kwenye kalenda. Mbili, ishirini na nane."

Hilkka akageuza kichwa pole pole mpaka ukutani, juu ya meza ya Stellan, palipokuwa na kalenda yenye picha za farasi. Mama yake Stellan humtumia kila Krismasi, kutoka kwao.

"Kwenu Maria ni Februari?" akauliza.

"Kwani kwenu ni lini?"

"Julai mbili."

Watu hawa wawili wamekaa chumba kimoja miezi mitano, wote wana siku za majina, wote wanachemsha kahawa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwaza kwamba majirani wa bahari moja wanaweza kuwa na Maria wawili tofauti. Zile mashine za mwanzo alizohamisha, kina Helena, majina yao yanaangukia siku moja huku na kule, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Maria ndiyo ya kwanza iliyotengana. Akaipa anwani ambayo tayari ilikuwa na mwenyewe, Onni, na zile nyaraka za mtandao zikawa mara zinaingia nyumba hii, mara ile, huku pampu zinapiga hodi Julai mbili na ndani hamna mtu.

Stellan alishika kichwa. Akaanza kusema samahani, Hilkka akamzuia kwa mkono. Alisema samahani zina wakati wake, saa hizi ni saa nane kasorobo. Akavuta kiti, akaweka goti lake juu ya kingine, na hakugusa kibao cha herufi. Alitaka Stellan aandike mwenyewe.

Nisikilize vizuri hapa, maana hata mimi nilielewa. Alimwambia afute ile anwani ya uongo kwenye kadi ya pili ya Maria, ile inayotazama pampu. Akafuta. Hapo hapo Onni ikatulia, haikupotea tena. Alimwambia aandike ya kweli: kumi, arobaini, saba, mbili. Akaandika. Kisha akamwambia aigonge pampu ya Kuuttiniemi, yaani atume ujumbe mdogo wa kuuliza kama upo. Akagonga.

Hakuna jibu. Akagonga tena, hakuna. Nikamwona mama yangu na ile sweta yake ya kijivu. Niliangalia saa: nane na dakika tano.

Hilkka hakuinua hata sauti. "Njia," akasema. "Ile njia ilikuwa imeegemea anwani uliyoifuta. Ukivunja nyumba, njia ya uani nayo inakwenda. Sasa Maria inapata barua kwa mlango wa pampu, na majibu inayatolea mlango wa ofisi, kwa sababu ndio mlango pekee inaoujua. Na mlinzi wa mlango wa ofisi anayatupa. Ionyeshe njia."

Akamtajia herufi kwa herufi: safari zote za kwenda Kuuttiniemi zipitie lango la pampu, kupitia kadi ya pili. Mstari mmoja. Hauzidi upana wa kiganja. Stellan akabonyeza.

Jibu likaja. Hilkka akanionyesha namba yake kwenye skrini: sehemu za elfu ya sekunde, sita tu. Kutoka mashine isiyokuwepo, kwenye sanduku linalovuma, chini ya ile ghuba niliyoivuka kwa jasho langu dakika arobaini, hadi kwenye pampu, na kurudi. Elfu ya sekunde, sita. Kisha likaja la pili, la tatu, la nne, yamepangana.

Sikuweza kukaa. Nilitoka mbio mpaka kwenye ukumbi wa mabomba, nikavua glavu, nikaweka kiganja juu ya bomba kuu la Kuuttiniemi. Mwanzo lilikuwa limelala. Halafu likatetemeka kidogo, kwa mbali, kama paka anapoanza kukoroma, kisha likashika nguvu, na nikayasikia maji yanaondoka kwa kishindo. Nimefanya kazi na mabomba yale miaka thelathini na moja. Nimeyabeba, nimeyachomea, yameniunguza. Siku ile nilisimama nayo kama mtu aliyeingia kanisani, kofia mkononi, machozi yananitoka na sioni haya kuyasema. Mstari mmoja wa maandishi, na nyumba mia nne zinapumua!

Niliporudi, Hilkka alikuwa anamwambia Stellan ayaandike yale yote kwenye faili la kudumu, yasikae hewani, maana yaliyo hewani umeme ukikatika yanasahaulika. Stellan alipomaliza akasema sasa anaomba radhi.

"Kosa ni langu," Hilkka akasema. "Wewe umefanya nilichoandika. Miaka yote hii nimejivunia kwamba vitu vyote vimo kichwani mwangu. Karibu kichwa changu kiwagandishe wazee thelathini na mmoja." Aliitazama ile kalenda ya farasi. "Baba yangu naye aliziweka zote kichwani. Alipokufa, barua za rasi zilipotea miezi minne."

Hilo la mwisho hakuwa amewahi kulisema mbele yetu. Watu wa rasi wanaosifu kumbukumbu ya mzee huwa hawaifikishi hadithi mpaka hapo.

Akaomba karatasi. Tulikaa mpaka saa kumi na moja: yeye anataja, Stellan anaandika, mimi nachemsha kahawa. Mashine arobaini na tatu, kila moja na kadi zake, kila kadi na anwani yake, kila anwani na njia zake na malango yake. Hakusita hata mara moja. Stellan alikuwa akilinganisha na skrini kimya kimya, na kila alipolinganisha aliinua macho akamtazama Hilkka, akaendelea kuandika. Karatasi sita. Hakukuta kosa. Mwishoni Hilkka akazikusanya, akazigonga mezani zilingane, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mtu aliyetoa vile vitu kichwani mwake anabaki na nini, sijui. Yeye alisema goti linamuuma, anataka kwenda kulala.

Nilimrudisha jioni ile kwa gari la ofisi, kupitia daraja kama watu wenye akili. Kwanza tulipita kwenye makao ya wazee, nikamwacha garini nikaingia. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake na kikombe cha kahawa, mashavu mekundu, anafuma soksi. Nikagusa kipasha joto chake: moto. Nikambusu kichwani, akaniuliza nimelewa? Kisha akaniambia ana lalamiko, na nilifikishe kwa wahusika: mchana kulikuwa na ubaridi kidogo humu ndani, mtu ameacha dirisha wazi, vijana wa siku hizi hawana adabu na madirisha.

Nilirudi garini, nikamweleza Hilkka neno kwa neno. Nikamwambia kwamba nitarudi nimweleze mama yangu kila kitu, kuhusu Maria na lile lango na ile njia ya mstari mmoja, amjue aliyemwokoa. Hilkka alicheka mpaka akashika goti.

"Mwache," akasema. "Mwache aamini ni dirisha."